Divai ya Zabibu Isiyo na Jina

Dorotea alizaliwa upande wa rasi, katika kijiji ambacho nyumba zimebanana kati ya mawe na ziwa, na hadi leo ukimwuliza harufu ya kwanza anayoikumbuka hapa duniani atakujibu bila kusita: moshi. Baba yake alivua sato. Mama yake alibanika samaki wa furu na gogogo juu ya moto wa polepole, na ikifika jioni alifukiza vibuyu vya maziwa kwa makaa ya mzeituni pori, akivitikisa mpaka makaa yakalia ndani kama kokoto. Nyumba nzima ilinukia hivyo, na nguo, na nywele, hata madaftari. Alipoingia kidato cha kwanza, wasichana wenzake bwenini walimzunguka wakamnusa. "Wewe, kwenu walikubanika?" wakamwuliza. Alicheka pamoja nao, kisha akaenda kufua sare yake mara mbili.

Alimaliza kidato cha nne, wa kwanza katika ukoo wao kufika huko, akaja Musoma kufundisha chekechea ya parokia kule Buhare. Alikaa na watoto wa watu miaka ishirini na sita, huku wa kwake akiwa mmoja tu, Tabitha, ambaye sasa ameolewa Mwanza. Ndiyo maana mtaani humwita Mama Tabitha. Hakuwa mtu wa kusemwa sana. Alifua vitambaa vya altare, akavipiga pasi, akavikunja mara tatu kama alivyofundishwa, na kila Jumapili alikaa benchi la nne upande wa kushoto.

Mtu wa kusemwa alikuwa mume wake, Florian, Mungu amlaze mahali pema. Florian alikuwa katekista na seremala. Mrefu, mwenye sauti iliyotosha kanisa zima bila kipaza sauti, na mwenye vidole vilivyojaa makovu ya patasi. Na alikuwa na zabibu.

Zabibu hiyo ilitoka Dodoma. Mwaka 1998 makatekista walipelekwa huko kwenye semina, na nyuma ya nyumba walimolala kulikuwa na bustani iliyotunzwa na sista mmoja mzee. Florian, ambaye alikuwa hawezi kupita mti bila kuushika, akaona pembeni mzabibu mmoja uliokuwa peke yake. Matunda yake yalikuwa madogo, ya kijani kilichopauka, yenye madoa ya hudhurungi kama ngozi ya mkono wa mzee. Akamwuliza sista jina lake.

"Silijui," sista akasema. "Niliukuta hapa. Wakulima hawautaki, matunda yake hayana rangi na ngozi yake ni nyembamba. Ukiutaka, kata."

Akakata vijiti kumi na viwili, akavifunga katika kanga iliyoloweshwa maji, akasafiri navyo hadi Musoma akivipakata kama mtoto. Vitano vikafa. Saba vikashika. Vitatu akavipanda nyumbani Buhare, viwili akampelekea dada yake mkubwa, Yunis, aliyeolewa Butiama, na viwili akampa rafiki yake tangu darasa la tatu, Chrispin, fundi wa mashine za kusaga huko Kabasa, Bunda. Baadaye alimleta bwana shamba mmoja atazame. Bwana shamba akalipindua jani, akalinusa, akalipindua tena. "Hii ni zabibu," akasema, akaandika kwenye karatasi yake, akaenda zake. Zaidi ya hapo hakuna aliyewahi kuwaambia kitu, na zabibu ikabaki bila jina.

Basi ikawa kila mwaka, mwezi wa tatu, nyumba tatu zinachuma. Kila nyumba inakamua yake, inaiacha ichache, inaitia kwenye chupa. Ikifika Oktoba, Jumamosi moja, wote wanakutana Buhare kuonja. Mzabibu ni mmoja, lakini ardhi ni tatu: mchanga wa Buhare wenye upepo wa ziwa, udongo mweusi wa Kabasa unaopasuka kiangazi, na mwinuko wa Butiama wenye mawe na asubuhi za baridi. Florian alitaka kujua ardhi imefanya nini. Aliweka sheria zake. Glasi zikae juu ya shuka jeupe ili rangi ionekane. Anayemimina ajue peke yake chupa gani imetoka wapi. Unanusa kwanza, unaonja, unaizungusha mdomoni, unameza, kisha unanyamaza kwa muda wa Salamu Maria moja ya kimoyomoyo. Kabla ya Amina, hakuna ruhusa kusema.

"Ulimi una haraka kuliko pua," alikuwaga akisema. "Muusubirishe."

Kila mwaka, baada ya vicheko na ubishi, Chrispin alikuwa akimwuliza swali lile lile: "Sasa katekista, hii haijafaa altareni tu?" Na Florian, ambaye hakuwa na ndoto nyingine kubwa katika maisha yake kuliko hiyo, alikuwa akitikisa kichwa. "Bado. Mwakani." Akasema hivyo miaka ishirini na kitu. Hakuwahi kumwuliza paroko hata mmoja. Dorotea alimjua, alikuwa anaogopa kuambiwa hapana.

Novemba ya mwaka jana Florian alikwenda Bunda kupogoa mizabibu ya Chrispin, akaenda Butiama akapogoa ya dada yake, akarudi nyumbani akapogoa ya kwake siku ya Jumatatu. Alhamisi moyo ukasimama akiwa amekaa kitandani anavaa soksi.

*

Mwezi wa pili, mizabibu ilipokuwa imejaa vichala, Dorotea alikwenda ofisi ya parokia. Paroko alikuwa Padre Alfonce, mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani anapotaka kusikiliza. Akaivua.

"Padre, Novemba tutakuwa na misa ya mwaka mmoja ya Florian," Dorotea akasema. "Naomba siku hiyo, kwenye kikombe cha kalisi, iwe divai ya zabibu yake."

Padre alimweleza, taratibu, kama anavyoeleza mtu anayejua kwamba mwenzake tayari anajua: divai ya misa lazima iwe ya zabibu, safi, isiyoongezwa kitu, isiyoharibika. Akasema ataomba idhini kwa wakubwa wake. Wiki tatu baadaye akamwita. Idhini imepatikana, kwa misa hiyo moja, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe aionje na kila aliyeitengeneza amweleze, kweli tupu, kila kilichoigusa ile zabibu tangu mtini hadi kwenye chupa.

"Mtaleta zote tatu Oktoba, kama mlivyozoea," Padre akasema. "Tutachagua moja."

Moja. Dorotea alitembea kurudi nyumbani akilitafuna neno hilo. Hakusema kwa mtu, lakini moyoni alikwisha amua ni ipi. Florian alipogoa ya nyumbani mwisho. Mikono yake ilitoka kwenye ile mizabibu ikaingia kaburini. Ni divai gani nyingine itakayosimama altareni kwa ajili yake?

Shida ni kwamba hajawahi kuitengeneza. Miaka yote hiyo alichuma na kuosha vichala, lakini kukamua na kuchachisha ilikuwa kazi ya Florian, katika kile chumba cha nyuma, na chupa zake mbili kubwa za kioo zenye tumbo pana. Sasa chupa moja ilikuwa imevunjika wiki ya msiba, watu walipokuwa wanahamisha vitu ili kupata nafasi ya kulala wageni, na ya pili ilikuwa na ufa. Akakamua kwa mikono, machozi yakimtoka humo humo, akijifuta kwa mkono wa gauni. Kwa kukosa chupa, akanunua chungu kipya, kikubwa, cha udongo.

Chombo kipya huwezi kutia kitu cha heshima bila kukiandaa. Hilo alilijua tangu ana miaka mitano. Akakiosha, akakianika juani, kisha akaketi nacho uani na kukiandaa kama mama yake alivyofundisha. Kilipopoa akakipangusa kwa kitambaa kipya, akatia maji ya zabibu, akafunika. Kwa siku tisa alikuwa akienda kuweka sikio lake pale, na kusikia vipovu vikipasuka ndani, na hiyo ikawa faraja yake katika Kwaresima ile. Julai akaitia kwenye chupa sita, akazilaza chini ya kitanda.

*

Jumamosi ya tatu ya Oktoba Chrispin alifika wa kwanza, na chupa zake ndani ya mkoba wa vifaa, kati ya bisibisi na spana.

"Shemeji, nimekuja na bingwa," akasema kabla hajakaa. "Mwaka huu Bunda haina mpinzani. Butiama waje kushuhudia tu."

"Butiama tuko hapa nyuma yako," ikasema sauti. Alikuwa Yunis, amefika kwa miguu kutoka kituoni na kikapu kichwani, miaka yake sabini na moja haionekani isipokuwa anapokaa. "Na tumesikia. Wewe Chrispin, tangu unakuja kwetu kula viazi vya mama yangu ulikuwaga na mdomo huo huo."

"Wifi, karibu," Dorotea akasema, akampokea kikapu. Walishikana mikono wasiachiane. Ilikuwa mara ya kwanza Oktoba imefika bila Florian, na kila mmoja aliona mwenzake anaangalia kiti chake cha barazani, kisha anaangalia kwingine.

Safina, jirani Mwislamu anayeuza vitenge mtaa wa Mukendo, alikuwa ameahidi kuleta mikate ya maji isiyo na chumvi ya kusafishia midomo. Alikuwa akifanya hivyo tangu enzi za Florian, na kila mwaka sharti lake lilikuwa lile lile: hakai mezani, hagusi chupa, na glasi zake za harusi hazitoki kabatini. "Mkate nawapa," alikuwaga akisema, "na mkilewa, nawacheka bure."

Padre Alfonce akafika na baiskeli. Wakampa chupa tatu, moja ya kila nyumba, akaingia nazo ndani na kufunga mlango. Akatoka na sinia la glasi kumi na mbili, tatu tatu kwa kila mtu, chini ya kila glasi kipande cha karatasi chenye namba. Akaziweka juu ya shuka jeupe, kwenye meza ya uani. Akaanza kwa sala fupi ya kumwombea marehemu, kisha akasema, "Ya kwanza."

Ya kwanza ilikuwa ya manjano iliyokolea, kama papai lililoiva. Ukiinusa inakupa pera, inakupa nanasi, inakupa hata asali. Mdomoni ilikuwa laini, tamu, nzito, ikishuka bila kumkwaruza mtu. Wakanyamaza. Salamu Maria ikapita.

"Amina," akasema Chrispin kwa sauti. "Hii ningekuwa kijana ningeipelekea barua ya posa."

"Wewe kila kitu kitamu unakiposa," Yunis akasema. Lakini hata yeye alikubali. "Ni nzuri. Inapendeza kama mtu aliyevaa sana."

Ya pili ilikuwa imepauka, karibu maji, na kijani kidogo ukingoni. Harufu yake haikuja yenyewe; ilibidi uifuate. Ganda la ndimu. Pera bichi. Kisha kitu kama jiwe linapopata mvua ya kwanza. Mdomoni ilikuwa kali, ikabana mashavu, na baada ya kumeza ikabaki pale pale, ndefu, mpaka Salamu Maria ikaisha na bado ipo.

Padre akaandika kitu. Chrispin akakunja uso. "Hii haina urafiki," akasema. "Inakusalimia kwa mbali."

"Haina haraka," Yunis akasema. "Ni tofauti."

Kwa Dorotea pia ilikuwa kali. Akavuta glasi ya tatu.

Ya tatu ilikuwa na wekundu hafifu, kama maji ya majani makavu. Alipoiweka kinywani alihisi mabega yake yakishuka. Ilikuwa na uzito, ilikuwa na joto, ilikuwa na kitu ambacho hakujua kukitaja, lakini alijua kwamba akiwa na kitu hicho mdomoni hayuko ugenini. Akafumba macho. Hii ndiyo, akasema moyoni. Bila kuambiwa alijua ni ya Buhare, na alijua ni bora kuliko zote. Akaanza Salamu Maria yake kwa shukrani.

Alikuwa amefika "uliyejaa neema" mlango wa uani ukafunguka. Safina akaingia na sahani ya mikate kichwani, akasimama, akavuta pumzi puani mara mbili.

"Mama Tabitha," akasema, "mnafukiza kibuyu humu ndani? Ng'ombe mmenunua lini?"

Hakuna aliyemaliza sala. Chrispin alilipuka, akaimwaga divai iliyobaki kwenye glasi yake juu ya shuka, akajipiga gotini kwa kiganja. "Nilikuwa natafuta neno!" akasema. "Natafuta, natafuta, nikasema mbona naiona nyumba ya bibi yangu! Shemeji, hii ni mtindi! Lete ugali!"

Yunis alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, mkono mdomoni. Hata Padre alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Safina akaipanga mikate mezani, akarudi mlangoni, akawaangalia mmoja mmoja. "Nimesema nini?"

Dorotea hakucheka. Aliinyanyua ile glasi ya tatu, akainusa tena, kwa pua ya Safina safari hii, na akausikia moshi. Ulikuwa umejaa glasi nzima. Miezi mitatu amezilaza zile chupa chini ya kitanda chake, amezifungua, amezionja, na hakuwahi kuusikia, kwa sababu hakuna siku katika maisha yake ulikuwa haupo.

*

Padre alisubiri kicheko kitulie. Kisha akageuza karatasi. Ya kwanza, Kabasa. Ya pili, Butiama. Ya tatu, Buhare.

"Sasa kila mmoja anieleze," akasema, akavua miwani. "Chrispin."

Chrispin akaeleza siku ya kuchuma, ndege walivyomlia vichala nusu, alivyokamua, alivyochuja. Alipofika katikati akaanza kwenda polepole.

"Halafu ikawa kama imesinzia, Padre. Ikalala tu, haichangamki. Nikaona niiamshe."

"Uliiamsha na nini?"

"Sukari. Kidogo tu. Vikombe viwili." Akaangalia shuka. "Vitatu."

"Chrispin!" Yunis akasema.

"Sasa Padre, sukari nayo si Mungu kaiumba?"

"Na mchicha kauumba," Padre akasema kwa upole, "lakini hatuutii kwenye kalisi. Pole, fundi. Hii tutaifurahia mezani."

Chrispin akakubali kwa kichwa. Hakubisha, na wote waliomjua waliona jinsi asivyobisha. Florian hakuwahi kumruhusu sukari; mwaka huu hakukuwa na wa kumkataza.

Yunis hakuwa na mengi. Alichuma alfajiri kabla ya jua, akakamua, akachachisha kwenye ndoo aliyoichemshia maji mara tatu kama kaka yake alivyomwonyesha. Hakuongeza, hakupunguza. "Hata mimi nilitamani kuisaidia," akasema, "nikajizuia."

Ikaja zamu ya Dorotea. Alieleza chupa iliyovunjika. Alieleza chungu, na makaa ya mzeituni pori, na alivyokitikisa uani. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu, imenyooka, lakini masikio yalikuwa yanamwaka. "Nilidhani nakisafisha," akasema. "Nilitaka kiwe safi kuliko vyombo vyote."

Padre akairudisha miwani usoni, akaivua tena.

"Kitu kilichotiwa ndani ya divai, hakuna?"

"Hakuna, Padre. Zabibu tu."

"Basi ni divai halali. Wengine huiweka kwenye mapipa ya mbao, na mbao inaacha ladha yake. Moshi wa chungu hauivunji sheria." Akamwangalia Dorotea, kisha Yunis. "Ya Butiama ni halali, ya Buhare ni halali. Mimi naweza kupokea yoyote kati ya hizo mbili. Chagueni ninyi."

Yunis hakungoja. "Hapa kuna nini cha kuchagua? Wifi ndiye mjane. Divai ya nyumba yake ndiyo iende. Ya kwangu nitainywa na wazee wangu."

"Naam," akasema Chrispin. "Hiyo ndiyo haki. Waumini watasikia njaa ya samaki kidogo, lakini watavumilia."

Yunis akamkanyaga mguu chini ya meza.

Kwa hiyo alikuwa amepewa. Kile alichokitembeza moyoni tangu mwezi wa pili, kile alichokiombea rozari nzima nzima, kilikuwa mbele yake, na hakuna mtu hata mmoja wa kumnyang'anya. Kilichobaki ni kusema asante. Dorotea akafungua mdomo kusema hivyo, lakini akanyoosha mkono akachukua mkate wa Safina.

"Nipeni dakika," akasema.

Akautafuna taratibu hadi mdomo ukawa hauna ladha ya kitu. Akachukua ile ya tatu. Sasa alijua anatafuta nini, na akavikuta vyote: uani kwa mama yake, kibuyu kikilia makaa, wasichana wa bwenini, shati la baba linukalo samaki. Alikuwemo yeye mwenyewe, tangu utoto wake hadi siku ile ya Machi aliyokaa na chungu kati ya magoti. Akatafuta zaidi. Huko nyuma kabisa, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya pili, kulikuwa na ganda la ndimu.

Akala mkate tena. Akachukua ya pili.

Ilimbana mashavu kama mwanzo. Safari hii hakuikimbia. Akaizungusha, akameza, akakaa kimya, na katika kile kimya ikaja asubuhi moja ya miaka mingi iliyopita, mavuno ya kwanza, Tabitha bado anabebwa mgongoni. Florian ameshuka kwenye ngazi na punje moja kati ya vidole vyake vyenye makovu, ameifuta kwenye shati, anampa. Ilikuwa baridi kwa umande. Ilipasuka mdomoni, kali, na yeye akakunja uso, na Florian akamtazama usoni kwa hofu kama mtu aliyepeleka mtihani wake kwa mwalimu. "Ikoje?" akauliza. Yeye akasema, "Ni kali." Na Florian akacheka kwa furaha, akasema, "Ndiyo! Ni kali! Ndivyo ilivyo!"

Dorotea akaiweka glasi chini.

"Hii ya tatu ni ya kwangu," akasema. "Mama yangu yumo ndani yake, na mimi nimo, na sina aibu nayo tena. Lakini Florian hayumo. Nimemfunika." Akaisogeza ile glasi iliyopauka katikati ya shuka. "Yumo humu. Iende hii."

"Wifi, hapana," Yunis akasema. "Mimi sikutaka..."

"Najua hukutaka. Mimi ndiye niliyetaka."

"Mizabibu ya hapa ndiyo aliipogoa mwisho."

"Na ya kwako aliipogoa kwa mikono ile ile, Jumamosi kabla yake." Dorotea akamshika mkono. "Alikuwaga anasema nini, anayemimina ajue peke yake? Tulipokunywa bila kujua, ni glasi ipi ilikuwa na zabibu tu? Semeni ukweli."

Chrispin alikuwa anaangalia ziwa, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuwa na utani. Baadaye akasema, kama anajiambia, "Ningeiacha isinzie tu."

Padre akaandika namba mbili kwenye kitabu chake kidogo, akapigia mstari.

Safina alikuwa bado amesimama mlangoni na sahani tupu. "Mimi sijui mambo yenu," akasema, "lakini ile nyingine, ya moshi, msije mkaimwaga. Huyu fundi ataimaliza yote na samaki."

"Kweli kabisa," akasema Chrispin, akarudi kuwa yeye. "Shemeji, chupa tano zilizobaki naomba zikae karibu na mimi."

Na hapo Dorotea akacheka. Alicheka hadi akashika meza.

*

Misa ya mwaka mmoja ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na njia ya kanisani ilikuwa na madimbwi. Tabitha alikuja kutoka Mwanza. Makatekista wa vigango saba walikuja, wamevaa kanzu zao, wakakaa mbele.

Wakati wa kupeleka vipaji altareni, Dorotea na Yunis walisimama nyuma, penye mlango mkubwa, wakisubiri kwaya ianze. Yunis alishika chupa ndogo ya divai. Ilikuwa nyeupe karibu maji, mtu asiyejua angedhani ni maji yanapelekwa. Kwaya ikaanza. Yunis hakwenda. Akamgeukia wifi yake, akamwekea ile chupa mkononi, na kumnyang'anya sahani ya hosti aliyokuwa ameibeba.

"Wifi, tulikubaliana..."

"Tulikubaliana iende divai ya Butiama. Hatukukubaliana nani ataibeba," Yunis akanong'ona. "Nenda, watu wanatuangalia."

Wakaenda, hatua kwa hatua. Padre Alfonce akapokea hosti, kisha akanyoosha mikono miwili kupokea chupa, na kabla ya kugeuka akamwinamia Dorotea kidogo sana. Akaimimina kwenye kalisi, akatia tone la maji, akaiinua. Dorotea alikuwa amerudi benchi la nne. Hakuweza kuinusa kutoka pale. Hakuhitaji. Padre alipofika kwenye maombi ya marehemu na kulitamka jina la Florian, alilisikia lote, herufi kwa herufi, na akasimama kama aliyeitwa yeye, wengine wakiwa bado wamepiga magoti.

"Vuta kitenge chako," Yunis akamnong'oneza pembeni, akijifuta macho kwa kiganja. "Kinaburuta."